Adelaide hadi Darwin na Karavani: Barabara ya Kutafuta Maji

Jumamosi, Adelaide hadi Port Augusta

Baba alianza ukaguzi kabla gari halijawashwa. Ameendesha malori ya Dar es Salaam hadi Tunduma sehemu kubwa ya maisha yake, na kwake safari inaanzia kwenye matairi. Aliizunguka karavani, nyumba ya magurudumu tunayoivuta kwa gari, akainama kutazama minyororo ya usalama na waya za taa, kisha akafungua makabati na kuanza kutoa vitu. Mchele, madumu ya maji ya akiba na sanduku la vyombo vyote vilishuka sakafuni, usawa wa ekseli.

“Mzigo mzito chini na katikati, mwanangu. Ukiulundika nyuma, mkia utawayumbisha.”

Mume wangu, ambaye ndiye anayeshika usukani, aliitikia, “Sawa, Mzee,” akamsaidia kupanga. Trela iliyolemewa nyuma huyumba mwendo ukikolea, na ikishaanza, kukanyaga breki kwa hofu huzidisha balaa. Unaachia mafuta taratibu na kubonyeza kwa mkono breki za trela peke yake.

Karavani tumeikodi ya kwenda tu, tutaikabidhi Darwin. Tupo watu watano: mimi na mume wangu, watoto wetu wawili walio likizo ya shule ya Julai, na Baba, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Tulipomuuliza angependa kuona nini Australia, alisema anataka kuona barabara.

Basi tumempa ndefu. Barabara Kuu ya Stuart inaanzia hapa Port Augusta, kwenye ncha ya ghuba, na kukata bara zima hadi Darwin, zaidi ya kilomita 2,700. Imepewa jina la John McDouall Stuart, Mskoti aliyelivuka bara hili kutoka kusini hadi kaskazini na kuiona bahari ya upande wa pili Julai 1862. Kurudi kwake alikuwa hoi, akabebwa kwenye machela iliyofungwa kati ya farasi wawili, lakini hakupoteza hata mtu mmoja. Alifanikiwa kwa kuwa alisogea kutoka maji hadi maji. Akifika mahali akakosa, alirudi kwenye kisima cha mwisho, akajaribu upande mwingine. Nimeamua katika daftari hili niyafuatilie maji, maana naona ndiyo yatakayonieleza kwa nini kila mahali pako pale palipo.

Jumapili, Port Augusta hadi Glendambo

Matangi mawili ya karavani tumeyajaza hadi pomoni, na madumu pia. Baada ya Port Augusta miti inapungua hadi vichaka vya rangi ya majivu vyenye majani ya chumvichumvi, ardhi inakuwa nyekundu, na barabara inanyooka.

Treni za barabarani zimeanza leo. Ni kichwa kimoja cha lori kinachovuta trela tatu, urefu hadi mita 53.5. Ya kwanza ilipotupita ikielekea kusini, karavani ilisukumwa, kisha ikavutwa. Baba aligeuka mzima kitini kuisindikiza kwa macho. Tuna redio ya mawasiliano, nasi tumeiweka chaneli ya 40, ambayo madereva wa malori huitumia barabarani. Dereva mmoja aliyekuwa nyuma yetu alisema anataka kupita. Baba akamwambia mume wangu ashike mwendo uleule, asipunguze wala asiongeze, akae kwenye njia yake. Lori likishatoka upande wa pili na kuanza kupita, ndipo apunguze kidogo ili limalize haraka. Likamaliza. Dereva akashukuru redioni, na Baba akaomba maikrofoni amjibu kwa Kiingereza chake cha barabarani, kinachojitosheleza kabisa.

Tulisimama kutazama Ziwa Hart, lililo karibu na njia. Ukiliona kwa mbali utaapa ni maji. Ni chumvi, nyeupe hadi upeo wa macho. Watoto walishuka wakalikanyaga na kurudi na viatu vyeupe. Eneo hili lote la Woomera limetumika kujaribia makombora na roketi tangu 1947, na sehemu kubwa ya jangwa la magharibi mwa barabara ni marufuku kuingia bila kibali.

Glendambo ni kituo cha mafuta, baa, na uwanja wa karavani. Basi.

Jumatatu, Glendambo hadi Coober Pedy

Kilomita 250 bila pampu ya mafuta hata moja. Karavani inakula mafuta, na upepo ukija wa mbele inakula zaidi, kwa hiyo hapa hakuna anayeondoka na tangi nusu.

Upweke wa kipande hiki una sababu yake. Stuart hakupita huku. Yeye alipita mashariki, kwenye mstari wa chemchemi ambapo maji ya Bonde Kuu la Maji ya Ardhini hujitokeza juu. Bonde hilo limelala chini ya zaidi ya moja ya tano ya bara lote. Wenyeji wa asili walizijua chemchemi hizo kwa maelfu ya miaka, na njia zao za biashara zilipita humo. Simu ya waya (telegrafu) ilimfuata Stuart, reli ikaifuata simu. Kisha ikaonekana kwamba penye maji pana na mafuriko: mvua adimu ikinyesha kule, mito mikavu hufumka na kuzoa reli. Mwaka 1980 ilifunguliwa reli mpya upande wa magharibi, kwenye ukame, ambako hakuna cha kuizoa. Barabara tunayopita leo nayo iko upande huo huo mkavu. Na lami yake katika jimbo hili la Australia Kusini haikukamilika hadi miaka ya 1980.

Tai wakubwa wenye mkia wa kabari wanakula mizoga ya kangaruu barabarani, na huchelewa kuruka. Tunapunguza mwendo kila tunapowaona. Kabla jua halijazama tunakuwa tumeshaegesha, maana kangaruu hutoka magharibi na alfajiri, na gari lenye trela halisimami ghafla.

Jumanne, Coober Pedy

Nimelala usingizi mzito kuliko siku zote, mita kadhaa ndani ya mwamba. Karavani tuliiacha uwanjani tukapanga chumba kilichochimbwa ardhini, kama wanavyoishi wakazi wengi wa hapa. Kiangazi joto la nje hupita nyuzi 45, ila ndani ya mwamba hali haibadiliki sana mwaka mzima. Kuta ni jiwe laini la rangi ya waridi, na mikwaruzo ya mashine ya kuchimbia bado inaonekana. Baba aliipapasa kwa kiganja muda mrefu. Kuna hadi makanisa ya chini ya ardhi, na lile la Waorthodoksi wa Serbia limechongwa kwa ufundi ulionishika kooni.

Mji huu umejengwa na opali, jiwe la thamani. Februari 1915 kundi la watafuta dhahabu lilikuwa limepiga kambi huku, na kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, akatoka kutafuta maji. Akarudi na opali. Dhahabu haikupatikana. Wachimbaji waliokuja baadaye wakakuta mali ipo lakini maji hayapo, na kwa miaka mingi maji yalikuwa ya kuletwa na kupimiwa. Sasa hivi yanavutwa kutoka kisima kirefu nje ya mji na kuchujwa chumvi kwa mitambo, na msafiri anayeyataka ananunua kwenye mashine ya sarafu. Tulipanga foleni nyuma ya wazee wawili waliostaafu, mke na mume, ambao wameuza nyumba yao na wanaishi kwenye karavani. Yule mama alinionyesha jinsi ya kusuuza vyombo vya watu watano kwa beseni moja na kuyatumia maji yaleyale kusukuma choo. Somo hilo nimelichukua.

Mchana tuliona uzio wa dingo. Ni waya wa kawaida tu, lakini unaendelea zaidi ya kilomita 5,000 kuvuka bara, ili mbwa mwitu hao wasishukie kondoo wa kusini. Mwanangu mdogo aliuliza nani anauziba ukitoboka. Wapo watu wenye kazi hiyo, kila mmoja na kipande chake.

Jumatano, Coober Pedy hadi Erldunda

Karibu kilomita 490. Marla, mpaka wa Northern Territory, Kulgera. Ukivuka mpaka kikomo cha mwendo kinapanda hadi kilomita 130 kwa saa. Sisi tumebaki kwenye 90, na magari yanatupita.

Baba anatawadha kwa kopo moja, akimimina kidogo kidogo hadi vidole vya miguu, na halimwagiki tone. Nilimwambia maji tunayo ya kutosha. Akasema, “Ya leo.” Alijifunza zamani, gari likiharibika porini na kusubiri spea siku kadhaa.

Alhamisi, Erldunda hadi Yulara

Tumeiacha barabara kuu na kwenda magharibi kilomita kama 250, kuutazama Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu. Njiani ukaonekana mlima mwekundu wenye kichwa bapa, na watoto wakapiga kelele kwamba tumefika. Ni Mlima Conner, ambao huwadanganya wengi. Uluru wenyewe ulijitokeza baadaye sana, nasi tukanyamaza garini.

Yulara ni mji uliojengwa miaka ya 1980 makusudi, ili hoteli na kambi ziondolewe miguuni mwa mwamba. Maji yake yanatoka ardhini, nayo yanachujwa chumvi. Usiku huu tumevaa makoti na soksi. Julai jangwani baridi hukaribia sifuri.

Ijumaa, Uluru

Leo nitaandika kwa kirefu.

Mwamba una kimo cha mita 348 kutoka uwandani, na sehemu kubwa yake imezama ardhini. Wekundu ni kutu ya chuma iliyomo kwenye jiwe. Ndani ni wa kijivu. Picha zote nilizowahi kuziona zimeupiga kwa mbali, jua likizama, kana kwamba ni kitu kimoja laini. Ukiukaribia unakuta una mikunjo, mapango, mabonde na michirizi myeusi inayoshuka kutoka kileleni. Michirizi ile ni njia za maji. Mvua ikinyesha, mara chache kwa mwaka, mwamba mzima humwaga maporomoko na kuyakusanya chini.

Tulianza kuuzunguka kwa miguu asubuhi mapema, mwendo wa kilomita 10 na kitu, Baba akiwa na fimbo yake. Tulipofika Mutitjulu tukakuta kidimbwi cha maji kimetulia chini ya ukuta wa jiwe, na miti mikubwa ya kijani imekizunguka. Baada ya siku zote zile za vichaka vya majivu, kijani kile kiliniliza. Kwa Anangu, wenye ardhi hii, hapa ni mahali pa Kuniya, chatu mwanamke aliyepigana na Liru, nyoka mwenye sumu, kulipa kisasi cha mpwa wake, na alama za pambano hilo zimebaki ukutani. Sehemu nyingine za njia zina vibao vinavyoomba usipige picha, kwa sababu mambo yake ni ya wanawake tu au ya wanaume tu. Tuliweka simu mifukoni. Baba alisema kila kaya ina chumba cha wageni na chumba cha wenyewe.

Ardhi hii ilirudishwa rasmi kwa Anangu tarehe 26 Oktoba 1985, nao wakaikodisha kwa serikali iwe hifadhi inayosimamiwa kwa pamoja. Kwa miaka mingi waliwaomba wageni wasipande juu, na wageni wakaendelea kupanda, wengine wakafa huko. Upandaji ulifungwa moja kwa moja tarehe 26 Oktoba 2019. Kovu la njia yao bado linaonekana, mstari mweupe uliosuguliwa na viatu. Nimefurahi kwamba wanangu wameukuta mwamba huu wakati ambapo neno la wenye nyumba linasikilizwa. Na hawakupungukiwa na kitu. Kila walichokitaja jioni, kuanzia maji, michoro ya pangoni hadi ndege wadogo wa kijani, kiko chini.

Jumamosi, Kata Tjuta

Vichwa 36 vya mawe, na kilicho juu kabisa kinaupita Uluru kwa karibu mita 200. Upepo ulikuwa mkali bondeni. Tulirudi mapema kufua nguo, maana uwanja wa karavani una mashine na watoto hawana soksi safi hata jozi moja.

Jumapili na Jumatatu, Alice Springs

Alice Springs iko kwenye ardhi ya watu wa Arrernte, nao wanapaita Mparntwe. Mto Todd unapita katikati ya mji, na ni mchanga mtupu wenye mikaratusi mikubwa.

Tulikwenda kwenye kituo cha zamani cha simu ya waya. Mwaka 1872 waya uliunganishwa kutoka Adelaide hadi Darwin, umbali wa kilomita 3,200 hivi juu ya nguzo elfu 36, na kutoka Darwin ukazama baharini kuelekea Java. Habari iliyochukua miezi kufika kutoka London ikawa inachukua saa. Lakini umeme wa zama hizo ulichoka njiani, hivyo kila kilomita 250 au 300 palihitajika watu wa kupokea ujumbe na kuupiga upya, na watu hao walihitaji kunywa. Ndipo wakachagua mahali hapa, na kukiita kidimbwi chake kwa jina la Alice, mkewe Charles Todd aliyesimamia kazi yote. Kumbe si chemchemi. Ni shimo la mtoni ambapo maji ya mafuriko hukaa juu ya jiwe gumu, yakionekana kana kwamba yanabubujika.

Mizigo ya huku ilibebwa na ngamia. Kuanzia miaka ya 1860 waliletwa kwa maelfu, pamoja na watu wa kuwachunga kutoka Afghanistan, Baluchistan na Punjab. Wao ndio waliosafirisha nguzo, unga na chai hadi vituo ambavyo farasi walishindwa. Msikiti wa Adelaide tunaoswali sisi ulijengwa na kina hao mwaka 1888 na 1889. Malori yalipoingia miaka ya 1920, ngamia wengi waliachiwa jangwani, na vizazi vyao bado vinarandaranda huko.

Baba aliposikia Baluchistan alisimama. “Wabaluchi? Wale wa Rujewa?” Karibu na barabara yake ya Tunduma, pale Rujewa uwanda wa Usangu, wapo Wabaluchi waliozaliwa hapo, wakulima wa mpunga, na amekula kwao mara nyingi akiwa safarini. Alipoona picha ya kilemba cha mmoja wa wenye ngamia alisema anamfahamu mtu mwenye uso huo huo. Tuliswali adhuhuri kwenye msikiti wa Alice Springs, naye akawaombea kwa muda mrefu. Amewahesabu kuwa ni madereva wenzake.

Jumanne, Alice Springs hadi Karlu Karlu

Tumekata mstari wa Tropiki ya Kaprikoni. Tukasimama Barrow Creek, kituo kingine cha simu, nyumba ndogo ya mawe kando ya kilima. Kilijengwa penye maji ya Wakaytetye, wenyeji wa asili wa hapa. Februari 1874 walikishambulia, na wafanyakazi wawili wakafa. Kisasi kilichofuata kiliua Wakaytetye wengi, bila kuulizwa nani alishiriki na nani hakushiriki. Wafanyakazi wale wawili wana makaburi yenye majina. Idadi ya Wakaytetye haikuwahi kuandikwa yote. Niliwaeleza watoto habari hii palepale, kwa maneno yanayowafaa. Barabara hii tunaifurahia, na nataka wajue kisima hakikuwa cha bure.

Tumelala Karlu Karlu, kati ya mawe makubwa ya mviringo yaliyorudishwa kwa wenyewe mwaka 2008. Hakuna bomba hapa. Tumebakiwa na nusu tangi, tumepika wali kwa maji ya dumu.

Jumatano hadi Alhamisi, Tennant Creek, Daly Waters, Mataranka

Hewa imebadilika. Makoti yamerudi kabatini, vichuguu vya mchwa vimepanga mistari kando ya njia, na nyasi zinawaka moto hapa na pale, mwewe wakizunguka moshi wakiwinda panzi.

Mataranka tukakuta kile ambacho jangwa lote lilitunyima. Maji yanatoka ardhini mamilioni ya lita kwa siku, vuguvugu, nyuzi 34, maangavu hadi unahesabu kokoto, na miti ya jamii ya minazi imeyafunika. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimezaliwa kando ya bahari, lakini sijawahi kuyaingia maji kwa shukrani kama leo. Baba aliingia na kikoi chake, akakaa hadi shingoni. Watoto walikataa kutoka. Tumeongeza siku moja.

Jumamosi, Mataranka hadi Darwin

Tulipita Katherine kununua mkate na tukaendelea moja kwa moja. Kando ya barabara huku kuna mabaki ya viwanja vya ndege vya kijeshi. Darwin ilipigwa mabomu na Japani tarehe 19 Februari 1942, watu zaidi ya 230 wakafa, na barabara hii ya kaskazini ikatiwa lami haraka haraka ili jeshi lipate njia. Kuogelea mtoni tumekatazana: huku mamba wa maji chumvi wamo, na vibao vinasema hivyo.

Bahari ilitokea saa kumi jioni. Tulimwaga mabaki ya matangi, tukaifagia karavani na kuikabidhi.

Usiku Baba alimpigia simu aliyekuwa utingo wake, ambaye sasa ana lori lake mwenyewe Mbeya. Aliweka sauti ya juu, nasi tukasikiliza.

“Shikamoo, mzee. Umeiona barabara?”

“Marahaba. Nimeiona. Trela tatu, kichwa kimoja.”

“Tatu! Mlima Kitonga angepandaje?”

“Hapandi. Huku hakuna Kitonga, ni tambarare siku nzima. Lakini ukiharibikiwa, jirani yako yuko kilomita 100. Kwa hiyo wanabeba maji na spea, na wanasimamiana.”

“Na mizani je, mzee?”

Baba akamgeukia mume wangu ampe jibu kamili la mizani, na mazungumzo yakahamia kwenye uzito wa ekseli hadi salio likakata.